Mjomba, Upo Wazi

Tarehe 14 Oktoba hapa kwetu ni sikukuu. Tunamkumbuka Mwalimu Nyerere, ofisi zinafungwa, na mimi hupata nafasi ya kukaa barazani na chai yangu bila mtu kuniuliza chochote. Sasa katika siku zote za mwaka 2025, Microsoft wakaona hiyo ndiyo siku ya kusitisha huduma kwa Windows 10. Najua hawakukusudia. Wao viraka vyao vya usalama huvitoa Jumanne ya pili ya kila mwezi, na mwaka huo Jumanne ya pili ya Oktoba ikaangukia kwenye sikukuu yetu. Najua, lakini sijasamehe.

Na kompyuta yangu yenyewe haikuwa na kosa. Ni laptopu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, Core i5 ya kizazi cha nne, na chini yake bado ina stika ya ofisi fulani ya Ulaya yenye mistari na namba, ushahidi kwamba iliwahi kuwa na maisha mazuri. Kitufe cha herufi Q kimeng'oka, lakini Kiswahili hakina shida na Q. Betri inakaa muda wa kuandika barua fupi, na barua ndefu siku hizi nani anaandika? Inawaka, inafungua, inahifadhi, inazima. Mwanadamu mwenye sifa hizo angepewa cheti cha mfanyakazi bora.

Aliyeleta msiba ni mpwa wangu. Anasoma mambo ya kompyuta chuoni, yuko mwaka wa pili, ule mwaka ambao mtu anajua kila kitu na bado hajaanza kutafuta kazi. Mwisho wa wiki huja kwetu Tabata kusalimia, na kusalimia kwake huanza saa saba mchana, wali ukiwa unaiva. Siku hiyo akaingia, akasema shikamoo mjomba, nikasema marahaba, akachungulia kioo cha laptopu, akatikisa kichwa.

"Mjomba, upo wazi."

Nikaangalia zipu.

"Siyo huko," akasema. "Mfumo. Windows 10 hawaitengenezei viraka tena. Likipatikana tundu leo, litabaki tundu."

Nikamwambia tundu likipatikana wezi wamsubiri mwenye kompyuta amalize kula. Hakucheka. Watoto wa siku hizi ukiwagusia usalama wa kompyuta wanakuwa na sura ya daktari aliyeshika bahasha ya majibu. Akanieleza, na nitakiri alieleza vizuri: hatari haiko kwenye kuzeeka kwa mfumo peke yake. Kila mwezi wakitoa kiraka cha Windows 11, wahuni hukifungua kiraka chenyewe, wakaangalia kimeziba wapi, kisha wakaenda kujaribu palepale kwenye ile Windows ya zamani, maana mifumo hiyo miwili inachangia vitu vingi. Kwa hiyo dawa ya mwenzako inakuwa ramani ya kukufikia wewe.

"Na mimi wananitakia nini?" nikamuuliza. Humo ndani kuna hesabu za kikoba chetu cha mtaa, ambacho mimi ni katibu. Kuna bajeti za harusi tano, mbili kati yake ndoa zimeshavunjika. Kuna hotuba niliyoandika kumwaga mwalimu mkuu aliyestaafu, ambayo haikusomwa kwa sababu mgeni rasmi alizungumza mpaka giza likaingia. Mhuni wa mtandao akiisoma hiyo hotuba nitamshukuru, angalau mtu mmoja ataifikisha mwisho.

Hapo ndipo akanitolea habari ya WannaCry, nami nikanyamaza kidogo. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 kirusi hicho kilisambaa katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za Bitcoin kuyafungua. Kompyuta zaidi ya 200,000 zilikumbwa. Uingereza, hospitali za serikali zikawa zinarudisha wagonjwa. Kilitumia tundu lililogunduliwa kwanza na idara ya ujasusi ya Marekani, NSA, ambayo badala ya kusema ikalifanya silaha, na silaha ikaibwa. Kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Na kilizimwa na kijana wa miaka 22, Marcus Hutchins, aliyeona kwamba kirusi kinaulizia anwani ya tovuti isiyokuwepo. Akainunua anwani hiyo kwa dola kama kumi na moja. Dunia nzima ikapona kwa bei ya chipsi kuku wa watu wachache.

"Unaona mjomba? Hakikuchagua. Hakikuuliza nani ana hela na nani ana hotuba."

Sawa. Hoja nzuri. Lakini angalia jambo moja ambalo hawa wataalamu hawalisemi: kila mtu akihofia usalama wangu, hofu inakuwa yake na kazi inakuwa yangu. Yeye anatikisa kichwa, mimi ndiye ninayehama.

Njia ya kwanza ilikuwa kupanda kwenda Windows 11. Hiyo ilitoka Oktoba 2021, na ili uipate kihalali kompyuta iwe na kitu kinaitwa TPM toleo la 2.0, na kama prosesa ni ya Intel basi iwe ya kizazi cha nane kwenda juu, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Yangu ni ya kizazi cha nne. Kwenye ukoo wa prosesa yeye ni babu. Nikauliza hiyo TPM kazi yake nini. Inatunza funguo za siri, mpwa akasema, ili mtu akiiba laptopu yako asiweze kusoma kilichomo. Mwanangu, hakuna kibaka wa Tabata aliyewahi kuiba laptopu ili asome. Anataka iwe imeuzwa kabla ya adhuhuri. Ukimwambia ndani kuna mafaili atakuuliza kama yanaongeza bei.

Njia ya pili ilikuwa kuomba nyongeza ya mwaka mmoja, mpaka Oktoba 2026. Watu wa Ulaya walilalamika kupitia vyama vyao vya watumiaji, wakapewa bila malipo. Kwingine masharti yalikuwa ulipe dola 30, au uruhusu mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao ya mtandaoni, au uwe na pointi zao 1,000 za zawadi. Pointi! Mimi nimezoea kuhesabiwa pointi na mama mkwe tu.

Njia ya tatu ilikuwa fundi.

Nilikwenda Kariakoo, ghorofa moja yenye vibanda mpaka kwenye ngazi. Fundi wangu ana meza ya ukubwa wa sinia, na juu yake laptopu nne zimefunguliwa matumbo. Nikamweleza. Akacheka kwa huruma. "Mzee wangu, hiyo Windows 11 tunaipiga leoleo. Hayo masharti tunayaruka." Kweli yanarukika, mpwa alinithibitishia baadaye, ingawa ukishayaruka hakuna anayekuahidi kwamba viraka vitaendelea kuja. Lakini nilichokipenda ni hatua za kazi. Akasema ili Windows ikubali kuwa imelipiwa, ataweka programu ndogo ya kukreki. Na ili programu hiyo iingie, lazima kwanza azime antivairasi.

"Kwa nini uizime?"

"Inaisumbua. Inasema ni kirusi."

"Na si kirusi?"

"Hapana mzee, ndivyo inavyosema tu."

Huyo ni fundi wa vitasa anayekuomba ufunge mbwa, umpe mlinzi ruhusa ya kwenda kulala, kisha umwachie funguo mpaka jioni, halafu anakuandikia risiti ya "ulinzi". Na wateja walikuwa wamejipanga! Mama mmoja nyuma yangu alikuja kuwekewa antivairasi ambayo nayo ni ya kukreki. Nikaondoka na laptopu yangu kwapani. Mpwa akaniambia kwamba vikreki vya namna hiyo ni moja ya njia kuu ambazo wezi wa manenosiri huingilia kwenye kompyuta za watu, na kwamba kwenye darasa lao ni nusu ya wanafunzi ndio wasiokuwa navyo. Hiyo takwimu ni yake, msinishike mimi.

Basi ikabaki Linux.

Historia yake mpwa anaisimulia kwa unyenyekevu mkubwa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, umri miaka 21, akatangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Leo seva nyingi za intaneti zinautumia, Android imejengwa juu yake, na bado unatolewa bure. Mimi neno bure likitajwa mkono wangu huenda wenyewe mfukoni kuangalia pochi. Lakini hapa, nilivyochunguza, bure ni bure kweli. Malipo yake yanatozwa kwa njia nyingine nitakayoieleza. Mpwa akachagua aina yake iitwayo Ubuntu, iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, tajiri ambaye miaka miwili kabla alikuwa amejilipia nauli akaenda anga za juu. Miaka ile ya mwanzo walikuwa wanatuma CD kwa posta duniani kote bila hata senti. Unaandika sanduku la posta, bahasha inakuja. Siku hizi unapakua karibu GB 6. Mpwa alipakulia chuoni, kwa sababu GB 6 kwa bando langu ni mwezi mzima wa kutojibu watu.

Kabla ya kuweka chochote, mke wangu akasimama mlangoni na swali moja: picha za kipaimara ziko wapi? Nikasema zipo. Akasema aone. Tukaazima diski ya nje kwa jirani, tukahamisha kila kitu, na yeye akazifungua picha moja moja kwenye kompyuta ya jirani kuhakikisha, pamoja na ile ambayo shemeji yake amefumba macho. Mwanamke huyo hajasoma kompyuta hata siku moja, na ndiye pekee katika nyumba aliyefanya jambo la kwanza ambalo wataalamu wote wa usalama wanalihimiza. Alipomaliza akasema, "Haya, vunjeni."

Kuweka mfumo wenyewe kulikwenda haraka kuliko nilivyoombea. Unawasha huku unabonyeza kitufe cha F12 kwa fujo, unachagua flashi yenye Ubuntu, unajibu maswali, kikiwemo kile kiswali cha kutisha cha kufuta diski nzima. Mpwa akabonyeza "endelea" bila hata bismillahi. Baada ya nusu saa hivi ikawaka na rangi ya zambarau na machungwa, nzuri kabisa, na hapo ndipo maisha yangu yalipoanza kudai nenosiri.

Ukitaka kuweka programu, nenosiri. Ukitaka kuitoa, nenosiri. Kisha kuna kile kidirisha cheusi ambacho mpwa anakipenda kuliko mitandao yote ya kijamii, anaandika humo maneno mafupi mafupi na mistari inashuka. Mke wangu alipita akasimama. "Mnaiba benki gani?" Humo nako wanataka nenosiri, na nilipoanza kuliandika, hakikutokea kitu. Si herufi, si nyota, si nukta. Kialama kimesimama palepale.

"Kibodi imekufa," nikasema.

"Linaingia mjomba. Halionekani tu. Ni usalama, mtu aliye nyuma yako asihesabu herufi."

"Nyuma yangu kuna ukuta."

"Ndiyo, lakini kama kungekuwa na mtu."

Na huu mtindo wa kutesana kwa manenosiri una mwenyewe. Mwaka 2003 bwana mmoja wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, Bill Burr, aliandika mwongozo: weka herufi kubwa, weka namba, weka alama, badilisha mara kwa mara. Ofisi za dunia nzima zikaufuata. Mwaka 2017, akiwa ameshastaafu, akaliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba sehemu kubwa ya aliyoyaandika anayajutia, na taasisi yenyewe mwaka huohuo ikatoa mwongozo mpya usiolazimisha watu kubadilisha kila baada ya muda. Habari hizo bado hazijafika ofisini kwetu. Kwetu kila miezi mitatu mfumo unakufungia nje mpaka ubuni nenosiri jipya lisilofanana na la zamani, na matokeo yake manenosiri ya idara nzima yako kwenye karatasi moja iliyobandikwa ubavuni mwa kabati la mafaili. Ilikuwa inachakaa, watu wanalalamika hawasomi vizuri. Wameilamineti.

Turudi nyumbani. Kikoba chetu kina faili la Excel ambalo liliundwa na mjumbe mmoja aliyehamia Mwanza, na ndani yake kuna kitufe: ukikibonyeza kinakokotoa faini za wachelewaji. Kwenye LibreOffice, mbadala wa Excel huku Linux, lile faili lilifunguka vizuri, safu zote zipo, majumlisho yapo, ila kitufe kikagoma. Ubonyeze kwa upole, ubonyeze kwa hasira, kimya. Nikatangaza kwenye kikao kwamba kutokana na sababu za kiusalama faini za mwezi zitachelewa kutoka. Sijawahi kuona wanachama wakiupokea mfumo endeshi kwa furaha namna ile. Wale wa kuchelewa kila mara wakasimama kuusifu. Mmoja akasema hata yeye anafikiria kuhamia huko.

Kadi ya mchango ndiyo iliyoniuma. Kwa sisi wazee, kadi ya mchango wa harusi ina mwandiko wake, ule wa mikia na mikunjo, jina la bibi harusi linaanzia kushoto linaishia karibu na namba ya simu ya mweka hazina. Miandiko hiyo huja pamoja na programu za kulipia, haipo kwenye Ubuntu. Nilipofungua kadi ya mpwa wangu mwingine, LibreOffice ikaweka mwandiko wake wa kawaida, umenyooka, mweusi. Kadi ya kwanza ilipomfikia mjumbe akapiga simu kuuliza kesi inatajwa lini.

Printa sitaisema sana. Ilitambulika, ikapokea kazi, ikavuta karatasi, ikaitoa nyeupe, na ikatoa taarifa kwamba imemaliza. Mpwa alikaa nayo mpaka wali ukapoa, na wali ukimpoa mpwa yule jua hali ni mbaya. Baadaye ilikubali.

Hapo ndipo nilipomrukia na Munich. Maana na mimi nasoma. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua kuhamia Linux miaka ya mwanzo ya 2000, likatumia karibu muongo mzima kuhamisha kompyuta kama 15,000, likamaliza mwaka 2013, na mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Wajerumani, bwana! Watu wa kupanga! Wameshindwa wao, sembuse mimi na kadi ya mchango? Mpwa hakubabaika. Akanirudishia Gendarmerie ya Ufaransa, askari wenye bunduki, wako kwenye Ubuntu tangu 2008 kwa makumi ya maelfu ya kompyuta, na hawajarudi. Nikamwambia wale wana bunduki, printa ikigoma wana la kufanya.

Lakini kilichonikalia kooni ni mwaka 2024. Kwa sababu nilihamishwa kwa ajili ya usalama, nikaona ni haki yangu kuuliza huko nilikohamia kuna usalama gani. Mpwa akaguna, akanieleza kwa sauti ya chini. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili, XZ, iko karibu kwenye kila Linux. Ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea, amechoka. Akatokea mwingine kwa jina la Jia Tan, ambaye mpaka leo haijulikani ni nani, akajitolea kusaidia. Akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili, mchapakazi, mpole, mpaka akaaminiwa na kupewa funguo. Ndipo akapandikiza mlango wa nyuma ambao ungempa mwenye ufunguo wake nafasi ya kuingia kwenye seva za watu. Matoleo yenye mlango huo yalikuwa yameshaanza kuingia kwenye Linux za majaribio. Aliyegundua, mwisho wa Machi 2024, ni mhandisi mmoja, Andres Freund, kwa sababu aliona kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kunachelewa kwa nusu sekunde.

Nusu sekunde! Steshenari ya kwetu kompyuta ikichelewa nusu saa dada anakwambia "inafunguka, kaa hapo kaka". Kwetu mlango huo wa nyuma ungepita na ngoma na vigelegele, na watu wangeupisha.

"Na huyo Freund anafanya kazi wapi?" nikauliza.

Mpwa akajifanya anatafuta chaja.

"Wapi?"

"Microsoft, mjomba."

Sina la kuongeza hapo. Nilikaa na furaha hiyo wiki nzima. Yeye akajitetea kwa kukumbusha tarehe 19 Julai ya mwaka huohuo, ambapo programu ya ulinzi ya CrowdStrike, ya ulinzi jamani, ilileta apdeti mbovu ikaangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa mkupuo, na huko India abiria wakaandikiwa pasi za kupanda ndege kwa kalamu. Kwa hiyo kwa hesabu zangu, mwaka ule Windows iliangushwa na mlinzi wake na Linux ikaokolewa na mtu wa Windows, na mimi katikati yao nimepoteza kitufe cha faini.

Kuna faida moja niliyoipata, nayo imegeuka adha. Flashi. Mtaani kwetu kila mtu anaprinti kwenye steshenari, na flashi ikitoka pale inarudi na kile kirusi cha kuficha mafolda na kuweka njia za mkato. Unafungua unakuta kila folda imegeuka kimshale, ukikibonyeza umekisaidia kirusi kuhamia kwako. Kwenye Windows mafaili yenyewe hayaonekani, watu wanalia, wanafomati. Kwenye Linux yale mafaili yaliyofichwa yanaonekana waziwazi, yamekaa kimya pembeni ya vimshale, maana ile amri ya kujificha huku haiheshimiwi. Nilimwokolea jirani mmoja ripoti yake ya shahada. Nikakosea wapi kumwambia asimwambie mtu? Sasa napigiwa hodi alfajiri. Wanafunzi, makatibu wa jumuiya, mchungaji mmoja mwenye mahubiri ya mwezi mzima. Wananiita Daktari wa Flashi. Hakuna aliyewahi kuuliza natumia mfumo gani ili naye ahamie. Wanataka flashi yao wakaiambukize tena.

Nikaenda mwenyewe kwenye hiyo steshenari kuangalia chanzo. Kompyuta ni moja, feni inapiga kelele, na kwenye uso wake hakuna pa kuweka kidole: CV MPYA, CV MPYA 2, CV YA MWISHO KABISA, vitambulisho vya NIDA vya mtaa mzima mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya pango, barua ya mtu anayeacha kazi ambaye mwajiri wake alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye foleni. Mtu yeyote mwenye shilingi mia mbili ya kuprinti ukurasa mmoja anaweza kujua ulizaliwa lini, mama yako ni nani na unadaiwa kodi ya miezi mingapi. Dada mwenyewe ni mkarimu. "Tafuta ya kwako hapo kaka, ukiikosa angalia kwenye mafaili ya jana."

Nikamwuliza mpwa Linux inasaidiaje hapo. Akasema hilo ni suala la sera.

Kisha mwezi huu mweka hazina wetu akapata ujumbe kwenye simu, ule tunaoujua wote: ile hela itume kwenye namba hii, ya kwangu ina matatizo. Bahati mbaya siku hiyo kweli alikuwa anadaiwa hela ya kikoba na mjumbe mmoja, marejesho ya hisa. Akaenda kwa wakala kumwekea moja kwa moja kwenye namba ile, apunguze makato. Akataja namba ya siri ya laini ya kikoba kwa sauti ili wakala amsaidie kuangalia salio kwanza, watu sita kwenye benchi wanasikiliza. Wakala akajaribu, akashindwa: floti imeisha. Akamwambia arudi jioni. Jioni yule mjumbe mwenyewe akatokea mlangoni kuulizia hela yake.

Kikoba chetu chenye wanachama 30 kiliokolewa na ukosefu wa floti. Hakuna kiraka kilichotumika.

Nilimsimulia mpwa haya yote Jumamosi, nikitegemea ataona kwamba amezunguka na mimi miezi kuziba tundu ambalo hakuna mwizi wa mtaa huu anayelijua. Akasikiliza vizuri, akala, akanawa, akafuta mikono. Kisha akaniangalia kwa ile sura ya bahasha.

"Kwa hiyo mjomba, wezi wa huku wanapitia kwenye simu."

"Ndicho ninachokwambia."

"Hebu niione ya kwako. Inatumia Android ngapi?"

Nikaisukumia chini ya mto wa kochi. "Hii haitumii Android," nikamwambia. "Inatumia vocha."